Boti ya Familia, Boti ya Wageni

Mdogo wangu hajavuka kizingiti changu tangu siku ile tuliyoishusha boti ziwani. Naanza na hilo ili mtu asije akadhani naandika habari za boti. Watu wa Karatu wanaoikumbuka ile boti huikumbuka kwa kucheka: mwenye mashine ya kusaga aliyenunua boti mahali ambapo watu wanaombea mvua. Kwanza, sikununua. Pili, wanaocheka hawajui kilichozama siku ile, maana boti yenyewe haikuzama.

Mimi niliishia darasa la pili. Kusoma nilijifunzia ukubwani, kwenye makopo ya oili na maboksi ya vipuri. Sina cheti hata kimoja, lakini nina nyumba ya bati, nina mashine, na hakuna mtu anayeweza kusimama akasema alinipa. Nilianza kuchuma kahawa Oldeani, kwenye shamba la mzungu. Nikawa wa kupaka grisi, nikawa utingo, nikawa dereva. Mwanzoni mwa miaka ya sabini mzungu huyo akinitafuta hakusema tena "wewe", alisema "dereva". Kwangu hiyo ilikuwa ngazi.

Mzungu alikuwa na boti mbili bandani, chini ya turubai. Hazikuwa na pangaboi nyuma kama boti nyingine. Mashine yake ilinyonya maji kwa tumbo na kuyatupa nyuma kwa nguvu, boti ikaruka mbele. Wafanyakazi tuliiita mashine ya kutapika. Alizileta kwa sababu ya Ziwa Eyasi, lile lililo chini kule Mang'ola, ambalo halina kina. Unaweza kutembea ndani yake mpaka ukachoka na maji hayajakufika magotini. Boti yenye pangaboi ingelima tope tu. Hii ya kutapika, ikishashika mwendo, inateleza juu ya maji ya ugokoni kama sahani.

Boti ndogo ilikuwa na viti vinne, viwili mbele na viwili nyuma. Kubwa ilikuwa na mabenchi ya watu wanane na chuma cha kushikilia. Ile ndogo mzungu aliiita boti ya familia. Ile kubwa aliiita boti ya wageni, akija na wenzake kutoka Arusha na chupa zao. Nasi tukashika majina hayohayo. "Dereva, funga ya familia." Nafunga tela ya ndogo. "Dereva, funga ya wageni." Nafunga ya kubwa. Hakuna aliyeuliza zaidi.

Jumapili nyingi niliiteremsha ile ya familia mpaka ziwani. Mzungu anapanda, mkewe anapanda, mtoto wa kiume, mtoto wa kike. Mimi nabaki kwenye maji, suruali imekunjwa. Ananitupia kamba ananiambia, "Shika kamba." Nashika mpaka injini ishike moto, kisha naachia. Wanakwenda wanakuwa kama nukta. Mimi nakaa kwenye jiwe na kamba yangu mapajani, jua la Mang'ola linanichoma utosi. Wakirudi nashika tena.

Sitasema nilimchukia. Alilipa kwa wakati. Lakini pale kwenye jiwe niliapa kwamba siku moja nitakaa kwenye kile kiti cha mbele, na mke wangu atakaa pembeni yangu, na mtu mwingine ndiye atakayeshika kamba. Sikufikiria huyo mtu mwingine atakuwa nani. Kiapo changu kilikuwa na shimo hapo.

Shamba lilipoingia mikononi mwa wengine mzungu aliondoka, boti zikabaki bandani na popo. Mimi nikahamia Karatu, nikafunga mashine ya kusaga. Karibu miaka kumi ikapita. Halafu zikaja mvua zile zilizojaza Eyasi mpaka watu wakaanza kuvua kambale pale tulipokuwa tukipita na gari. Mwaka huo uongozi mpya wa shamba ulikuwa na matrekta matatu yamelala, na fundi wao amekimbia. Wakaniita. Nilikaa wiki tatu chini ya yale matrekta, yakaamka yote. Meneja akaniuliza nataka nini. Nikasema nataka moja ya zile boti. Alinitazama kana kwamba nimeomba mwezi, akacheka, akasema nikachague.

Nilikwenda kuchagua na mdogo wangu. Niseme kidogo juu yake. Baba alifariki mimi nikiwa kijana, yeye bado anatambaa. Nilimsomesha mimi, akafika darasa la saba, akaandika na kusoma kuliko mimi, lakini akapenda jembe na ng'ombe. Alilima vitunguu Mang'ola, kwenye maji ya chemchemi, na mama yetu alikaa kwake. Alikuwa na maksai wanne waliomsikia kuliko watoto wanavyomsikia mwalimu. Mimi na yeye hatukuwahi kugombana hata kwa jembe.

Bandani tulimkuta mlinzi, mzee aliyetoka Singida, mtu wa mizaha. Akatuvutia turubai. Panya wakatoka. Akaniuliza, "Mko wangapi nyumbani, nikupimie?"

"Tupo," nikamwambia.

"Mpo wangapi?"

"Tupo tu, mzee."

"Sasa fundi, kama watu wako huwajui, mimi nitakuchagulia nini? Hata viatu vinapimwa."

Mdogo wangu alicheka. Yeye alijua, mlinzi hakujua. Sisi tulilelewa na mama ambaye hakuruhusu mtu ahesabiwe. Ayo, ndivyo tunavyomwita mama kwetu, ukimwuliza ana watoto wangapi alikujibu, "Wanatosha kula." Mgeni akinyoosha kidole, mmoja, wawili, alikishika kile kidole akakikunja. Aliona mtu aliyehesabiwa ni mtu aliyeonyeshwa kwa mabaya. Uje uhesabu mbuzi, uhesabu magunia, watu acha. Kwa hiyo mimi mtu mzima, mwenye mashine, nilisimama bandani kuchagua boti ya familia bila kusema familia ni nani na ni wangapi. Nilichagua kama ninavyochagua lori, kwa uzito na barabara.

Na kwa uzito na barabara sikukosea, mpaka leo nabisha na fundi yeyote. Ile kubwa ilikuwa na injini ya silinda nane, inakunywa petroli kama ng'ombe aliyetoka malishoni, na miaka ile petroli ilikuwa ya kuomba. Madereva wa Land Rover za watalii kule Ngorongoro ndio walioniachia dumu moja moja, kwa sababu nilikuwa nikiwachomea springi, na watalii wenyewe walikuwa wachache. Pili, ile kubwa ikipakia inakaa chini sana, na mashine ya kutapika ikikaa chini kwenye maji mafupi hainyonyi maji, inanyonya tope. Tatu, kuishusha kutoka Oldeani kungetaka maksai wanane. Ile ndogo ni nyepesi, inanyanyuka haraka, haitaki mengi.

Mdogo wangu aliizunguka ile kubwa. Akaingia, akakaa kwenye benchi, akapigapiga ubao.

"Kaka, hii ndiyo," akasema. "Hapa Ayo anakaa katikati, hawezi kuanguka."

Nikamweleza kina, nikamweleza tope, nikamweleza petroli. Alisikiliza. Kisha akauliza tena, taratibu, kwani ziwa halina mahali penye kina zaidi? Nikamwambia mimi nimekaa kwenye ziwa lile miaka, nimeshika kamba yake. Halafu nikasema neno ambalo nalikumbuka neno kwa neno: "Hiyo ni ya wageni. Ya familia ni hii."

Akashuka kwenye benchi. Akasema, "Sawa, kaka, wewe ndiye fundi." Wakati ule nilisikia heshima.

Tela ya mzungu ilikuwa na matairi yaliyokufa. Tukayajaza majani makavu mpaka yakasimama. Mdogo wangu akaleta maksai wake, akafunga nira jozi mbili, na siku tatu tukateremka kwa ile barabara ya makorongo. Yeye mbele akiongea na ng'ombe kwa Kiiraqw, mimi nyuma na jiwe la kuzuia gurudumu. Wanawake wa mashambani walitoka kutazama. Mmoja aliuliza kama tumebeba jeneza la mzungu. Mdogo wangu akamjibu ni beseni la kumwogeshea kaka yake, maana amekuwa mkubwa.

Siku ya pili tulipumzika kwenye kivuli cha boti yenyewe. Alikuwa anatafuna kiporo, akiangalia vile viti vilivyoshonwa.

"Kaka, viti kama vya gari la Mkuu wa Mkoa. Mimi nitakaa wapi?"

Nilikuwa na furaha, na mtu mwenye furaha hachungi mdomo. Nikamjibu, "Wewe utakaa na ng'ombe zako." Akacheka. Mimi nikacheka zaidi yake.

Siku ya kuishusha ilikuwa Jumapili. Niliipanga iwe Jumapili. Mke wangu alikuja na watoto kwa lori la vitunguu lililokuwa linarudi tupu. Ayo alikuja kutoka kwa mdogo wangu kwa miguu, amevaa kitenge kipya na shuka lake jeupe, viatu kavishika mkononi. Mke wa mdogo wangu alileta makande kwenye sufuria, yametosha kijiji. Tulikula pale ukingoni, hapo penye magadi meupe, flamingo wako mbali kama kitambaa kilichoanikwa.

Mdogo wangu aliwarudisha maksai nyuma, wakaisukuma tela majini mpaka boti ikaelea. Nikapanda. Nikakaa kwenye kile kiti. Nikamwita mke wangu akakaa pembeni na mtoto wa mgongoni. Nikawaita wale wawili wakubwa, wakakaa nyuma. Sikuhesabu mtu. Viti ndivyo vilivyohesabu. Kikajaa cha kwanza, cha pili, cha tatu, cha nne, na vilipojaa nikatazama ukingoni, nikaona nani amebaki: mama yangu, mdogo wangu, mke wake na watoto wao, na hata mmoja wa kwangu aliyekuwa amelala kwenye kitenge.

Nikasema kwa sauti ya dereva, "Nyie zamu ya pili." Kisha nikamtupia mdogo wangu kamba.

"Shika kamba," nikamwambia.

Aliidaka. Alikuwa kwenye maji, suruali imekunjwa. Nilimwona alivyosimama, na kama ningekuwa na macho siku ile ningejiona mimi. Sikujiona. Nilikuwa nasikiliza injini. Ilikohoa, ikashika, nikainua mkono, naye akaachia.

Sijui kuandika vile ilivyokuwa. Boti ilinyanyua pua, halafu ikalala juu ya maji, na ziwa likaanza kukimbia chini yetu. Flamingo wakaamka wote kwa pamoja. Watoto walipiga kelele mpaka sauti zikakauka. Mke wangu, ambaye hajawahi kunisifia kwa lolote, alicheka na kunishika goti. Miaka yote ya lile jiwe ilinitoka mwilini.

Baada ya muda mke wangu alitazama nyuma. Ukingo ulikuwa mstari tu.

"Baba watoto, turudi. Tumewaacha juani."

Nikamwambia tunarudi. Na nilikuwa nageuza kweli. Lakini boti ilipogeuka iligeuka tamu, nikaongeza mzunguko mmoja. Halafu mwingine. Nilitaka kujua kama inaweza kupita pale mzungu alipokuwa akipita, upande wa mawe. Inaweza. Mke wangu aliutoa mkono wake gotini kwangu, basi.

Tulipokaribia ukingo nikapunguza mafuta. Hapo ndipo nilipokosea kama fundi, na ni hapo tu. Mzungu hakupunguza mapema, alikuja na mwendo mpaka mwisho, kisha akazima. Mimi nilipunguza kama dereva wa lori anayeingia sokoni. Boti ikakaa. Ikanyonya tope la magadi, injini ikachemka, ikalia kama sufuria tupu motoni, ikafa. Ilikuwa mbali na ukingo kiasi cha kutupa jiwe mara tatu. Nikashuka, tope likanifika magotini, nikaivuta na watu wangu ndani.

Nilikuwa namwita mdogo wangu tangu mbali anisaidie. Nilidhani upepo unachukua sauti. Nilipofika sikukuta mtu. Maksai hawakuwepo, nira haikuwepo. Mwanangu yule aliyelala alikuwa bado kwenye kitenge, na mke wa mdogo wangu ameketi naye, amebakizwa kwa ajili yake tu. Sufuria ilikuwa imeoshwa. Kamba ilikuwa imezungushwa vizuri, duara juu ya duara, na kuwekwa juu ya jiwe.

Nikamwuliza shemeji yangu wamekwenda wapi. Akasema wamempeleka Ayo nyumbani, jua lilikuwa kali. Akanikabidhi mtoto, akajitwisha sufuria, akaondoka.

Nilikwenda jioni ileile kwa mdogo wangu, nina hasira. Nasema kweli, nilikuwa na hasira mimi. Boti iko kwenye tope, ng'ombe wamechukuliwa, mtu gani anafanya hivyo. Nilimkuta Ayo nje, anajipaka mafuta miguuni. Mdogo wangu alikuwa zizini, alinisikia, hakutoka. Nikaanza kumlalamikia mama. Nikasema ilikuwa zamu tu, ningerudi kuwachukua, petroli ilikuwepo ya zamu ya pili.

Ayo aliniacha nikamaliza. Kisha akasema, "Leo umetuhesabu."

Nikamwambia sikuhesabu mtu, viti ni vinne, sikuvitengeneza mimi.

"Kulikuwa na nyingine yenye viti vingi," akasema. "Alinieleza. Alisema umemwambia hiyo ni ya wageni."

Nilikuwa na jibu, la kina na tope na petroli, na lilikuwa jibu sahihi, lakini huwezi kumwambia mama yako mambo ya kina cha maji wakati yeye anazungumza kina kingine. Nikaondoka.

Boti ilibaki palepale. Bila maksai ningeivuta na nini, na maksai wengine sikuomba. Kuomba kungekuwa kukubali. Mvua za miaka iliyofuata hazikuwa nyingi, ziwa likarudi nyuma, boti ikakaa kwenye uwanja mweupe mkavu, maji yako mbali. Watu wakang'oa viti kimoja kimoja. Kimoja nilikiona kwa kinyozi Karatu, nikanyolewa nimekikalia, nikalipa, nikaondoka. Bodi niliirudisha baadaye kwa lori. Iko nyuma ya mashine, nawanyweshea ng'ombe maji humo.

Mdogo wangu hakunitukana. Angenitukana ningejua pa kuanzia. Alikoma tu. Tukikutana mnadani alinisalimia kama anavyomsalimia mwenyekiti wa kijiji. Alipohama Mang'ola akajenga kwake huku juu Karatu, mke wake alipita mbele ya mashine yangu na debe la mahindi kichwani, akapanda mlima mzima kwenda kusaga kwa watu wa misheni. Mimi ndani nasikia hatua zake, naongeza mafuta ili mashine ilie zaidi.

Nilituma wazee. Walienda, wakanywa pombe yake, wakarudi wakasema hana neno. "Anasema wewe hujamkosea kitu, ulikuwa ukipanga familia yako." Mmoja wao alicheka alipolisema hilo. Nilimwambia asicheke kwangu. Mke wangu aliniambia niende mwenyewe, mikono mitupu, nikae chini kwake nikubali. Nikamwuliza nikubali nini, kwamba boti kubwa isingekwama? Ingekwama. Akasema, "Hapo ndipo unapokwama wewe." Nikamwambia akapike.

Ayo alifariki mwishoni mwa miaka ya themanini. Alizikwa kwa mdogo wangu, mahali alipotaka. Nilichimba kaburi na wengine, nikiwa mzaliwa wa kwanza. Katekista alipomaliza kusali zikaletwa kamba mbili za kushushia jeneza, kwa hiyo wanaume wanne, wawili huku na wawili kule. Nilikuwa nimesimama kama mgeni, sijui nisogee au nisisogee, nyumba si yangu, watu wananitazama.

Mdogo wangu akavuka udongo akaja mpaka mbele yangu. Alikuwa amezeeka, nikashangaa, maana nilimlea. Akaninyooshea ncha ya kamba.

"Shika kamba, kaka," akasema.

Hakusema kwa ubaya. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayegawa kazi. Nikashika. Yeye akashika upande wa pili, tukamshusha mama yetu polepole, mimi na yeye tukiachia kwa kipimo kimoja, kama tulivyokuwa tukiachia tela kwenye mteremko wa Oldeani. Jeneza lilipogusa chini aliitoa kamba yake, akaizungusha duara juu ya duara, akaiweka. Akanawa mikono, akaenda kwa ng'ombe zake. Hakunena nami tena siku ile, wala siku nyingine neno la maana.

Mimi bado nasema boti ndogo ndiyo saizi ya ziwa lile. Nimezunguka hesabu hiyo usingizini na macho wazi, haibadiliki. Ile kubwa, na Ayo katikati ya benchi na mdogo wangu na watoto wote, isingefika hata pale walipokuwa flamingo. Ingekaa kwenye tope hatua kumi kutoka ukingoni, na sisi sote tungekuwa ndani yake.